YOWE LA JIRANI NDILO NGOME YA GETANUWAS

Mtu aibiwapo ng'ombe katika Getanuwas, haibiwi mnyama tu. Akiibiwa maksai wawili, ameibiwa jembe lake na mavuno ya mwaka ujao. Akiibiwa mtamba, ameibiwa maziwa ya watoto na ada ya shule. Ndiyo maana hatuoni kuwa ni jambo dogo kuandika leo juu ya wizi wa mifugo, na juu ya njia za kuuzuia, katika nchi hii ya Hanang na Mbulu wanakoishi pamoja Wabarabaig, Wairaqw, Wanyaturu na ndugu zao wengine. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya polisi. Twawajibu mapema: polisi wana sehemu yao na wananchi wana yao, na sehemu ya wananchi ndiyo hutangulia.

Tutazame kwanza jinsi wizi wenyewe unavyotendeka. Zamani mwizi aliswaga ng'ombe kwa miguu usiku kucha, na kulipokucha nyayo zilimshtaki. Wenye mali walizifuata kutoka bonde hata bonde, na kijiji kilichofikiwa na nyayo hizo kilipaswa kujieleza. Siku hizi mambo yamebadilika. Mbuzi na kondoo hufungwa miguu wakapakiwa juu ya pikipiki. Ng'ombe hupelekwa porini, kisha barabarani, na akiisha kuifikia lami iunganishayo Babati, Katesh na Singida, lori humchukua. Jua likipanda, mnyama yuko mkoa mwingine, au amekwisha kuwa nyama buchani. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya wizi ina thamani kuliko siku kumi zinazoifuata. Polisi mmoja mwenye gari hawezi kuipata saa hiyo ikiwa hakuna aliyemwambia. Anayeweza kuipata ni jirani aliyesikia mbwa wakibweka, mchungaji aliyeona mgeni akihesabu ng'ombe kwa macho, na dereva aliyepishana na lori usiku lisilo na taa.

Basi neno letu ni hili: habari ya wizi ni mali ya watu wote. Anayeificha amempa mwizi usiku mzima wa kukimbia.

Kwa nini watu huificha? Sababu ni tatu, na hatuna budi kuzitaja bila kuoneana haya.

Sababu ya kwanza ni ujamaa wa damu unaotumika vibaya. Baba ajua kwamba kijana wake amerudi na fedha ambazo hakuzifanyia kazi, wala haulizi. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana asiyeulizwa juu ya mbuzi mmoja ataulizwa na hakimu juu ya ng'ombe kumi.

Sababu ya pili ni hofu. Mwizi wa mifugo aghalabu hana upweke. Ana mwenzake kijijini ampaye habari, ana mnunuzi, ana mchinjaji. Shahidi mmoja akisimama peke yake, huogopa kuchomewa boma au kuviziwa njiani. Dawa ya hofu hiyo ni wingi. Shahidi mmoja hutishwa kwa urahisi. Kijiji kizima kikisema neno moja, nani atakitisha?

Sababu ya tatu ni ya kihistoria. Mwaka 1921 serikali ya Waingereza ilitunga Sheria ya Adhabu ya Pamoja, ambayo kwayo jamii nzima iliweza kutozwa mifugo yake kwa kosa la mtu mmoja. Sheria ya namna hiyo haikuwafundisha watu kumtoa mhalifu. Iliwafundisha kufunga midomo, kwa kuwa aliyesema na asiyesema waliadhibiwa sawasawa. Hata baada ya uhuru hatukuiponya ile tabia upesi. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalichukua ekari zipatazo 100,000 zilizokuwa malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kinyume chao. Mfugaji aliyeitwa mvamizi kwa kuvuka malisho ya babu yake hawezi kuwa mwepesi wa kwenda kituoni kutoa habari. Twasema haya bila nia ya kufufua ugomvi. Twasema ili viongozi wajue kwamba imani ya mwananchi haipatikani kwa amri. Hupatikana kwa haki.

Taifa letu lilikwisha kutafuta dawa ya mambo haya. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na balozi wake. Balozi alijua nani amelala nyumbani na nani amefika na mgeni. Mwaka 1992 nchi yetu ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, kazi za serikali zilitengwa na za chama, na mambo ya usalama mashinani yakawa juu ya wenyeviti wa vitongoji na wa vijiji. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini isieleweke kwamba balozi wa shina, kwa kuwa si mtumishi wa serikali, sasa aruhusiwa kulala. Mwanachama wa kweli ni jirani kwanza, na mwizi akipita hamuulizi mtu kadi yake ya chama.

Tena tukumbuke Sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, wananchi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walijipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kililipokea na kulipeleka kwa cha tatu, hata mwizi akajikuta amezungukwa kabla hajajua aelekee wapi. Mwalimu Nyerere aliwatetea wakati wengine walipotaka wakomeshwe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wizi ulipungua mahali pengi. Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Wako watu waliopigwa pasipo ushahidi, na wako vikongwe walioteswa na kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na ng'ombe aliyeibiwa. Nguvu ileile iliyorudisha mifugo iliwaumiza wasio na hatia, kwa sababu haikuwa na mtu wa kuihoji.

Hapa ndipo twataka kusema kwa sauti kuu. Yowe ni la kuita watu. Si hukumu ya kifo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa raia uwezo wa kumkamata mhalifu, na inamtaka amfikishe kwa polisi bila kuchelewa. Katiba yetu inasema kwamba mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lithibitike. Na adhabu ya kweli ipo: kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu chamweka mwizi wa mifugo katika hatari ya kifungo kifikacho miaka 15. Je, mtu aliyechomwa moto na kundi la watu wenye hasira atamtaja nani? Atamtaja mnunuzi wake? Atamtaja mwenye lori? La hasha. Akifa, siri yote imekufa pamoja naye, na mkubwa aliyemtuma atapata kijana mwingine wiki ijayo. Anayemwua mwizi mdogo amemlinda mwizi mkubwa. Tena akiuawa mtu wa kabila hili na watu wa kabila lile, kesi ya mbuzi wawili hugeuka kisasi cha koo mbili. Twarudia: mwizi hana kabila. Yeyote anayesema "wale ndio wezi" akiwataja watu wote wa lugha fulani, huyo ndiye anayempa mwizi mahali pa kujificha.

Sasa tuyatazame mambo ya kutenda, kwa kuwa maneno matupu hayafungi zizi.

Mwenye mifugo na aihesabu kila jioni yeye mwenyewe au mtu wake wa kuaminika. Wako wenye ng'ombe wengi wanaogundua wizi siku ya tatu, na huo ni msaada mkubwa kwa mwizi. Awe na alama isiyofutika. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tangu mwaka 2010, na mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi, ambayo mnyama aliyechanjwa huvishwa hereni. Tusiikimbie hereni kwa kuogopa kwamba ni hila ya kodi. Ng'ombe asiye na alama, akikamatwa njiani, ni nani atakayethibitisha kuwa ni wako?

Anayeajiri mchungaji na aulize atokako, na ampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji apate kujulikana. Kadhalika amlipe ujira wake kwa wakati, maana mchungaji aliyedhulumiwa hununuliwa kwa bei ndogo. Wala mtoto wa shule asiachiwe kundi peke yake mbali na nyumbani.

Wizi ukitokea, pigeni yowe mara moja, kisha mpigieni simu mwenyekiti, mkaguzi wa polisi wa kata, na vijiji vya jirani vilivyo upande wa nyayo. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Nyayo za wanyama na alama za magurudumu zisikanyagwe; kundi la watu mia wakikimbia ovyo hufuta ushahidi wote. Semeni mlichokiona kwa macho, yaani rangi, alama, idadi, saa na upande walikoelekea. Msiseme jina la mtu kwa kudhani, maana uvumi ukiisha kutoka haurudi.

Mnadani nako kuna wajibu. Mnyama hasafirishwi bila kibali. Hilo ni agizo la Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003. Mfanyakazi wa mnada asiyetazama kibali, dereva anayepakia usiku bila kuuliza, na mwenye bucha anayenunua kwa bei ya kutupa, wote hao ni mikono ya mwizi hata kama hawajawahi kuingia katika zizi la mtu. Pasipo mnunuzi hapana wizi. Twawaambia wafanyakazi wenzetu hasa: nidhamu ya kazi ni ulinzi wa mali ya mkulima na mfugaji.

Naye aliyekwisha kuuza mnyama wake asifurahi mpaka fedha zifike salama. Asitembee nazo usiku, na asimtajie mtu namba yake ya siri ya simu. Akiletewa ujumbe wa mtu asiyemjua wa kumtaka atume fedha kwa namba fulani, asitume; aipeleke namba ya tapeli huyo kwenda 15040.

Kwa viongozi tuna neno pia. Wenyeviti wa vitongoji na vijiji waliochaguliwa Novemba 2024 waitishe mikutano juu ya jambo hili kabla kiangazi hakijapeleka mifugo malisho ya mbali. Wayaheshimu mabaraza ya wazee wa Kibarabaig, na wasiyasahau mabaraza ya wanawake, ambayo tangu zamani yana uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Mama anajua mapema kuliko mtu yeyote nyama iliyoingia jikoni imetoka wapi. Na polisi, wakiletewa habari, walifiche jina la mleta habari, wala wasimwombe fedha ya mafuta ya gari. Habari moja ikiuzwa, mia zitanyamaza.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yaliiangukia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Siku ile majirani waliingia katika tope kuokoana, na hapana aliyeuliza kwanza huyu ni wa ukoo gani. Moyo ule haujafa. Twautaka uamke pia pale zizi la mtu mmoja linapovunjwa usiku, hata kama mtu huyo si ndugu, hata kama tulikosana naye juu ya mpaka wa shamba. Aliyeibiwa leo ni jirani. Kesho yowe litakuwa lako, nawe utataka mtu wa kuliitikia.