Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Likizo ya Juni inapokaribia, wazazi wengi wa Mtwara Mjini, Mikindani na hata Msimbati huletewa ombi lile lile. Vijana wanataka kwenda Newala kuona Shimo la Mungu (ndilo jina la wenyeji, nasi tunalitaja kama lilivyo), na safari hii hawataki kutazama tu kutoka ukingoni. Wanataka kushuka hadi bondeni na kurudi. Ombi hilo ni jema. Kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu na kuzingatia ni jambo tulilohimizwa. Hata hivyo, mzazi anayetoa ruhusa na aielewe vyema safari anayoiridhia.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Newala mambo yamepinduka. Mji umekaa juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na bonde la Ruvuma limelala mbali chini, Msumbiji ikionekana ng'ambo ya mto. Anayekwenda Kilimanjaro huanza kwa kupanda. Akichoka hugeuka, na njia ya kurudi ni mteremko. Anayeshuka Newala huanza na sehemu iliyo nyepesi, asubuhi, akiwa na nguvu na chupa iliyojaa. Anapogundua kuwa amechoka, mlima wote bado uko mbele yake, na jua limeshafika utosini.

Bibi zetu wa uwandani walilijua hilo kabla yetu. Mchanga wa uwanda ule haushiki maji juu, chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi maji yalifuatwa huko na kupandishwa kichwani, hadi miaka ya 1950 ulipoanza mradi wa kuyasukuma kwa mashine. Walipanda miguu mitupu, tena na mzigo. Kijana wa pwani asijilinganishe nao, kwani wao walianza utotoni.

Yeye atahitaji viatu, na hapa ndipo fedha za wazazi hupotea. Kandambili hazifai kabisa. Mkanda hung'oka penye mteremko, na aliyefika chini atapanda pekupeku juu ya mawe ya moto. Makubadhi yetu ni ya heshima msikitini na harusini, lakini soli yake ya ngozi huteleza juu ya changarawe kama sabuni. Kiatu cha shule nacho ni hivyo hivyo. Katambuga hushika ardhi vizuri, ila haimkingi kidole. Kwa safari ya siku moja, raba nzuri yenye soli ya meno, inayomkaa mvaaji sawasawa, ni bora kuliko buti jipya la bei kubwa lililonunuliwa juzi.

Mnunuzi aende dukani jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za siku, na avae soksi zile zile atakazosafiri nazo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha ashuke ngazi au mteremko wowote ulio karibu: ikiwa vidole vinagonga mbele, kiatu hicho kitamtoa kucha Newala. Kamba zikazwe zaidi penye kifundo wakati wa kushuka, ili mguu usisukumwe mbele. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Za sufi nyepesi au za michezo ni afadhali. Kucha zikatwe siku chache kabla.

Wengi wetu hununua mitumba, na hakuna ubaya. Tatizo ni buti lililokaa ghalani miaka mingi: juu linang'aa, lakini mpira laini wa katikati ya soli huoza kwa umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Likunje kwa nguvu, ubonyeze ubavu wa soli kwa ukucha. Likipasuka au kumeguka kama mkate mkavu, lirudishe mezani kwa muuzaji.

Kiatu kikishapatikana kivaliwe majuma mawili au matatu, kwanza nyumbani, kisha njiani. Kutembea juu ya mchanga wa Msimbati huimarisha pumzi na misuli ya nyuma ya miguu, lakini hakufundishi paja kushuka, na ni paja litakalouma siku ya pili na ya tatu. Afadhali miinuko iliyo nyuma ya Boma la Mikindani: kupanda na kushuka mara kadhaa, siku tatu kwa juma, na begi lenye chupa za maji mgongoni. Mabinti wavae suruali pana chini ya gauni lisilofika ardhini, kwa kuwa pindo linaloburuta humwangusha mtu penye kushuka.

Waondoke mara baada ya sala ya Alfajiri. Kila mmoja abebe maji ya kutosha, angalau nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na theluthi ya maji ikishanywewa wageuke, popote walipofika. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye buti safi linalofunika vifundo, alilolivaa akiwa na udhu kamili, anaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkazi mchana na usiku wake, msafiri siku tatu na nyusiku zake. Mwenye raba fupi hana ruhusa hiyo, basi aongeze chupa ya udhu katika hesabu yake.

Baba au mama mwenye kisukari asishuke, hasa ikiwa nyayo zimeanza kufa ganzi. Lengelenge asilolihisi leo laweza kuwa kidonda cha miezi. Yeye na wengine watakaobaki ukingoni wana kazi yao: kushika orodha ya majina, kuweka akiba ya maji na tende, na kukubaliana na kiongozi wa vijana kabla hawajashuka kwamba ikifika saa sita mchana hawajaonekana, watu wa kijiji wataombwa kuwafuata.