Anayefufua Gari la Kale Aanze na Bodi

Ukipita nyuma ya majumba ya Ukunda au Msambweni, hukosi kuiona Peugeot kuukuu chini ya mwembe, matairi yamelala, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe haiuzi wala haitengenezi. Siku hizi wamezuka vijana wenye hamu ya kuzifufua motokaa hizi, nasi twawaunga mkono. Ila twaona wengi hukosea pale mwanzo kabisa, katika kuchagua.

Kijana mmoja wa jamaa zetu alinunua 504 kwa dalali kwa kuwa injini ilivuma vizuri na rangi iling'aa. Masika haikwisha ila ameiona barabara kupitia sakafuni. Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma. Yeye koroma lake lilipakwa rangi.

Injini isimhadae mtu. Injini hufunguliwa, na ikishindikana hubadilishwa. Adui wetu sisi watu wa Pwani ni kutu. Upepo wa bahari huja na chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma kilicho katika hali hiyo huliwa upesi kuliko cha bara. Bodi ikishaoza, gharama yake hupita ya injini, na cha kuvunda hakina ubani.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kutazama gari, chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, uipitishe juu ya bodi. Pale chuma kinapokataa kuishika, jua chini ya rangi pamezibwa. Kisha inua mazulia, upapase kingo za chini ya milango, ulale chini utazame kwa tochi. Kwa Land Rover ya kale sumaku haitakufaa juu, kwani bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini. Lakini chesisi yake ni chuma, na hapo ndipo kutu hujificha.

La pili, chagua gari ambalo fundi wake yu hai. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504, iliyotoka Ufaransa 1968, ikashinda 1975 na 1978, na ikaunganishwa hata hapa Kenya. Ndizo tulizopakiwa utotoni kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, tumebanana safu tatu. Kwa hiyo wapo waliozijua kwa mikono yao. Anayevutwa na gari la ajabu lisilo na mwenzake ajiulize kwanza breki zake atazipata wapi.

Lakini mafundi hao wanazeeka. Kijana wa leo hodari wa kusoma hitilafu kwa kompyuta, ila kabureta humtoa jasho. Na sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Maana yake, magari ya kale tuliyo nayo ndiyo hayo hayo, na kila linalokatwa likauzwa kwa kilo halirudi.

Twawaomba wazee wenye magari chini ya miembe: ikiwa hamtayatengeneza, wapeni vijana kwa bei ya huruma kabla kutu haijayamaliza. Nanyi vijana, mkishachagua vyema, mwendeeni fundi mzee mkae naye mpaka kazi iishe. Gari litapona, na ujuzi wake utabaki nanyi.