Wapika mbege nao wafikiriwe katika gesi



Nami natoa maoni kuhusu kampeni ya nishati safi ya kupikia.

Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao umesambaza vijijini mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Jambo hili ni jema. Lakini mtungi ule na jiko lake ni vya kupikia chai na ugali wa watu watano. Huku kwetu Kilimanjaro kuna akina mama wanaopika mbege ya kuuza, na jungu la mpika mbege si sufuria ya chai.

Tupige hesabu. Maji lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka yanahitaji joto la kilowati-saa 9 na kidogo. Kwa kuwa karibu nusu ya moto hupotea pembeni, utatumia gesi kilo moja na nusu hivi. Jiko dogo la kilowati mbili na nusu litahangaika zaidi ya saa saba, na kwenye upepo huenda lisichemshe kabisa. Jiko la kilowati 15 litamaliza kazi hiyo kwa saa moja na robo. Ndizi zikishachemka moto unapunguzwa, jungu linafunikwa na kuachwa saa nyingi. Kwa jumla yaweza kwenda kilo tatu, yaani nusu ya mtungi mdogo kwa jungu moja! Asiwepo wa kuwadanganya akina mama kwamba gesi ni ya bure kuliko kuni.

Tena jiko kubwa haliendi na mtungi wa kilo 6. Gesi ikivutwa kwa kasi mtungi hupoa, huota barafu nje, na moto hufifia ndizi zikiwa bado. Panatakiwa mtungi wa kilo 38, au miwili ya kilo 15 iliyounganishwa na fundi anayejua kazi. Regulata nayo ilingane na jiko, kwani ile ya nyumbani hutoa gesi kwa mgandamizo mdogo.

Kuna majiko yanayonguruma kwa tundu moja katikati. Yanachemsha maji upesi, lakini uji wa ulezi huungua chini kabla ya juu kupata moto, na mbege yenye harufu ya kuungua hainunuliwi. Afadhali jiko la duara mbili au tatu linalotawanya moto. Miguu yake iwe mipana, ya chuma kizito, maana jungu lililojaa ni zaidi ya kilo 100 za maji yanayochemka, na watoto hawako mbali. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na masizi, hewa haitoshi. Na lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini.

Najua wako watakaouliza kwa nini tuwasaidie wapika pombe. Hao nawauliza: ni posa gani huku Uchaggani iliyokwisha bila mbege? Na ada za shule za watoto wangapi zimetoka katika jungu hilo? Mama huyu anatakiwa kuwa na leseni ya kuuza, lakini gesi ikija anahesabiwa kama mpishi wa chai.

Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliamriwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024, na majiko makubwa yakatafutwa. Nashauri wahusika wawakopeshe wapika mbege, kwa vikundi, majiko ya namna hiyo pamoja na mitungi mikubwa, wayalipe polepole kwa mauzo yao. Ruzuku ya kilo 6 ibaki kwa chai.

Msomaji wako,
Moshi.