Bosi ledi, matumbawe yamekufa kwa chumvi, siyo kwa dada wa kazi

Singida mjini kuna bosi ledi mmoja, jina kapuni, ambaye kila anayefuatilia status za watu anamjua. Ana duka la nguo, ana ndinga kali, na mwaka huu akaongeza kitu ambacho wengi hapa hawajawahi kukiona kwa macho: tangi la maji ya bahari sebuleni, lita 100, lenye matumbawe hai. Taa ya bluu ikiwashwa usiku, picha inatoka balaa. Laiki kama mvua.

Sasa picha zimeacha kupanda. Habari za mtaani ni kwamba matumbawe yamekufa yote, na aliyeangushiwa jumba bovu ni dada wa kazi. Kakatwa nusu mshahara kwa kosa la "kuua maua ya bosi".

Tatizo linaanzia hapo hapo kwenye neno maua. Tumbawe siyo ua, ni mnyama. Ni vidudu vidogo vingi vinavyoishi pamoja, na ndani ya miili yao kuna mwani mdogo sana unaotumia mwanga kuwatengenezea chakula. Maji yakivurugika, mwani unatoka, tumbawe linapauka na kubaki jeupe. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda, na matumbawe mengi yakafa, ya Tanzania yakiwemo. Kama bahari nzima ilishindwa, tangi la sebuleni litahimili mchezo gani?

Inasemekana binti aliagizwa hivi: maji yakipungua, ongeza maji ya chumvi mpaka kwenye mstari. Akatii. Lakini maji yanapokauka, chumvi haiendi na upepo, inabaki kwenye tangi. Na upepo wa Singida kila mtu anaujua.

Piga hesabu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 lina kilo 3 na nusu. Tuseme zinakauka lita 10 kwa wiki na unajazia maji ya chumvi: unaongeza gramu 350. Baada ya wiki nne chumvi imefika gramu 49 kwa lita. Hapo hata tumbawe gumu kiasi gani linaaga dunia. Kilichokauka ni maji matupu, basi cha kurudisha ni maji matupu, tena yaliyochujwa madini, siyo ya bomba wala ya kisima. Na kipimo cha chumvi kiwepo ndani ya nyumba. Binti hakupewa kipimo, alipewa amri.

Eti kuna jamaa anajiita fundi, kamshauri bosi aanze upya kwa maji ya Ziwa Singidani kwa kuwa nayo ni ya chumvi. Ndugu zangu, chumvi siyo moja! Ile ya ziwani inawafaa flamingo, siyo matumbawe. Hata chumvi ya mezani haifai. Inatakiwa chumvi maalumu yenye kalsiamu na magneziamu kama bahari.

Anayependa kweli aanze taratibu. Tangi likae wiki kadhaa bila tumbawe mpaka maji yatulie. Joto libaki kati ya nyuzi 24 na 27, na usiku wa Juni na Julai hapa unajulikana, kwa hiyo hita ni lazima, na umeme ukikatika kuwe na njia nyingine ya kuzungusha maji. Aanze na matumbawe laini, yale ya umbo la uyoga au ngozi, ambayo yanavumilia makosa. Na mikono isiingie bila glavu, maana yapo matumbawe madogo kama vifungo yenye sumu kali. Je, yule binti alipewa glavu?

Kinachouma zaidi ni kwamba bosi tayari anatafuta mtu wa pwani amletee mengine, safari ya kilomita kama 700. Yakifa hayo, ataagiza tena? Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki wanaolisha familia za Tanga, Mafia na Unguja. Yale magumu yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hayavushwi mpaka bila kibali. Kuyang'oa kila mwezi kwa ajili ya status ni ulafi, hata kama pesa ni yako.

Bosi ledi, pendeza, hakuna anayekuzuia. Ila kabla ya kununua tumbawe jingine, nunua kipimo. Na kabla ya kipimo, mrudishie binti nusu mshahara wake.

Wadau mnasemaje, dada wa kazi ana kosa hapo? Tupia maoni yako hapo chini.