Thwake ikijaa, watatia samaki gani?

Sisi Waislamu wa Pwani tukisafiri bara tuna ada moja. Ukifika mahali hujui nani kachinja, agiza samaki. Ndivyo nilivyofanya juzi nikirudi Mombasa kutoka Nairobi, basi liliposimama Malili, pale karibu na lango la mji wa teknolojia wa Konza, ardhi ambayo Machakos na Makueni wamekuwa wakiivutania mpaka. Nililetewa tilapia mzima kwa ugali na sukuma wiki. Amekaangwa vizuri, sina neno, lakini ladha hakuna, kama aliyelala kwenye barafu mwezi mzima.

"Samaki huyu ni wa wapi, kijana?"

"Ni wa katoni, mzee. Wa China." Akacheka bila haya. "Lakini ngoja Thwake ijae. Tutakula wetu hapa hapa."

Nikamuuliza watakula samaki gani. Akanitazama kama aliyeulizwa jambo lisilo maana. "Samaki ni samaki, mzee. Serikali italeta."

Basi lilipiga honi nikaondoka, lakini jibu lake limenikaa kichwani mpaka leo.

Kwa asiyeijua Thwake: ni bwawa linalojengwa tangu mwaka 2018 pale mto Thwake unapoingia katika mto Athi, upande wa Makueni na Kitui. Ukuta wake umepangwa kupita mita 80 kwenda juu, na likijaa litashika zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Benki ya Maendeleo ya Afrika imetia mkono katika kulifadhili. Maji yake yamekusudiwa watu wa Ukambani wanywe na wamwagilie, yazalishe umeme, na yaupe uhai mji wa Konza, ambao Rais Kibaki aliuwekea jiwe la msingi Januari 2013. Kwa hiyo penye bonde la mawe na mchanga patatokea ziwa la maji matamu. Na penye ziwa, watu watataka kuvua. Ni haki yao. Mkamba wa Malili ana haki ya kula samaki mbichi kama mimi wa Mvita.

Ila mto Athi si wa Ukambani peke yake. Ukiufuata unapita Tsavo, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Visima vya Baricho vinavyoleta maji Malindi, Kilifi na Mombasa vimechimbwa kwenye mchanga wa mto huo huo. Kitakachotiwa Thwake kitatelemka mpaka kwetu, kwa maji ya kawaida au kwa mafuriko.

Na mto huu una samaki wake tayari. Kuna tilapia wa asili ya mito hii ya mashariki ya Kenya, ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1894 kwa jina la Oreochromis spilurus. Kwa Kiingereza wanamwita tilapia wa Sabaki, kwa jina la mto wetu. Si mkubwa sana, na hakui haraka kama tilapia wa Nile. Lakini ana sifa moja ambayo wavuvi wa maji chumvi wataielewa: anastahimili chumvi. Ndiyo maana Saudia na Kuwait walimchukua kwenda kumfuga katika maji ya bahari. Ndugu zetu walioko Ghuba huenda wamekula samaki mwenye jina la Sabaki bila kujua, na sisi tuliokaa mdomoni mwa mto huo hatumjui hata kwa jina.

Kilichompata samaki huyu alipohamishwa mwenyewe ndicho kinachonitia wasiwasi. Ziwa Naivasha zamani halikuwa na tilapia. Lilikuwa na kisamaki kidogo cha asili, kisichofaa hata kuliwa. Mwaka 1925 wakachukuliwa tilapia wa mto Athi, jamaa wa huyu wetu, wakatiwa Naivasha ili watu wavue. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 akaletwa samaki wa Marekani mla wenzake, kwa ajili ya starehe ya Wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana. Mwaka 1956 wakatiwa tilapia wa aina nyingine. Sasa, tilapia wana tabia ya kuzaana aina kwa aina. Mtoto anazaliwa chotara, na kizazi baada ya kizazi yule wa kwanza anamezwa. Kile kisamaki cha asili kilionekana mara ya mwisho 1962. Tilapia aliyetoka Athi, kufikia 1971, hakuwepo tena ziwani. Hakumalizwa na wavu wala sumu. Alipotelea ndani ya damu ya wageni wenzake.

Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa Louisiana, nao wakazitafuna mimea ya majini. Samaki wakapungua hadi mwaka 2001 serikali ikalazimika kulifunga ziwa kwa uvuvi. Na karibu na wakati huo akaingia kapi, samaki mwenye sharubu anayechimbua tope kutafuta chakula. Huyu hakutiwa na mtu kwa makusudi. Inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji huko juu mtoni, mvua zilipozidi. Miaka kumi haikupita ila kapi ndiye aliyekuwa akijaza ngalawa za Naivasha. Mwaka 2011 tilapia wa Nile naye akatiwa.

Nisionekane mnafiki. Kapi huyo amelisha watu wengi, na yupo mvuvi wa Naivasha aliyesomesha watoto kwa samaki wa kigeni mtupu. Ukimwambia leo kwamba ziwa liliharibiwa atakuuliza yeye angekula nini. Swali hilo sina pa kulikwepa. Ninachosema ni kwamba kule hakuna aliyeamua mambo yawe vile. Kila mara mtu alileta samaki mmoja kwa sababu nzuri, na aliyefuata akaja kurekebisha alichoacha wa kwanza, hadi ziwa zima likawa la wageni wasioelewana.

Naivasha ni mbali, utasema. Basi twende kwetu, maana Taita Taveta ni kaunti ya Pwani ijapokuwa tunaisahau mpaka wakati wa kura. Ziwa Jipe liko mpakani na Tanzania, chini ya milima ya Upare, na upande wetu limepakana na mbuga ya Tsavo Magharibi. Ni dogo, kiasi cha kilomita 30 za mraba, na kina chake ni cha mtu na nusu hivi. Maji yake mengi huletwa na mto Lumi kutoka Kilimanjaro. Lina tilapia wake, Oreochromis jipe, ambaye duniani kote hapatikani ila katika bonde la mto Pangani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ziwa Chala lililo jirani, lile lenye kina kirefu ndani ya shimo la volkano, nalo lina wake, Oreochromis hunteri, na yeye yuko daraja hiyo hiyo.

Jipe limepatwa na mambo mawili kwa pamoja. Udongo unaoshuka na Lumi kutoka mashambani umelijaza tope, magugu yakaota mpaka mvuvi anapasua njia kwa panga kabla hajatupa wavu. Na katika bonde hilo hilo la Pangani wakaletwa tilapia wa nje, akiwemo ngege wa ziwa Victoria na tilapia wa Nile. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kuyahifadhi kwa pamoja maziwa ya Jipe na Chala na mto Umba. Saini ni jambo jema. Lakini samaki wa kigeni akishazaa majini hasomi makubaliano, na magugu hayajui mpaka uko wapi.

Ndiyo maana neno la yule kijana, "serikali italeta", lilinishtua. Kutia vifaranga vya samaki ni kazi ya alasiri moja. Mheshimiwa anasimama ukingoni na ndoo, kamera zinapigwa, vifaranga vinamwagwa, watu wanashangilia, na gari zinaondoka kabla ya alasiri haijaswaliwa. Kuwatoa hakuna. Hakuna nchi iliyowahi kulisafisha bwawa la ukubwa ule likabaki na samaki wake wa zamani tu.

Wapo watakaoniambia nimechelewa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ndani yake mabwawa ya samaki yalichimbwa, 200 kwa kila eneo bunge, katika maeneo bunge 140. Mengi yamekauka, mengine yamegeuka mashimo ya kuogea bata, na aliyefugwa humo zaidi ni tilapia wa Nile. Mvua ikija kubwa bwawa hufurika, samaki akapata mto. Kwa hiyo inawezekana kabisa mgeni ameshaingia Athi. Nakubali. Lakini wachache waliotoroka kwenye mashimo ya shamba si sawa na laki za vifaranga kumwagwa kwa mpigo katika maji yaliyotulia, ambayo tilapia wa Nile anayapenda kuliko mto unaokimbia. Wachache huenda mto ukawameza. Laki ndio watakaoumeza mto.

Halafu kuna maji yenyewe. Mji wa Nairobi ulikuwa na ziwa lake dogo, Nairobi Dam, lililojengwa 1953 pembeni ya palipo Kibera sasa. Watu walikuwa wakitweka mashua pale na kuvua. Leo ni zulia la gugu maji juu ya maji taka. Bwawa hilo liko kwenye mto Motoine, unaogeuka mto Ngong, unaoingia mto Nairobi, unaoingia Athi. Yaani gugu lile na uchafu ule viko juu ya Thwake katika mkondo mmoja. Mto unaokwenda mbio hupata nafuu njiani; ukiufunga, uchafu unatulia chini na gugu linapata kitanda. Samaki atakayekua humo atauzwa Malili, Machakos na Wote, na mlaji hatajua alikula nini kabla hajaliwa. Mimi ningependa samaki hao wapimwe madini ya sumu tangu msimu wa kwanza wa uvuvi, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kikamba na Kiswahili, yasibaki kwenye ripoti ya Kizungu.

Sheria ipo, wala si changa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 42, inakataza mtu kutia mnyama yeyote ndani ya mto, ziwa au eneo oevu, awe wa kigeni au wa asili, bila idhini ya maandishi ya NEMA baada ya athari zake kuchunguzwa. Katiba nayo imegawa kazi kwa namna yake ya ajabu: uvuvi kama sehemu ya mazingira uko Nairobi, uvuvi kama sehemu ya kilimo uko kaunti. Matokeo yake kila mtu anaweza kusema ni kazi ya mwenzake. Gavana wa juu anatia samaki kwa jina la kilimo, na gavana wa chini, aliye Kilifi, anaambiwa mazingira si mkoba wake.

Kwa hivyo naiomba Jumuiya ya Kaunti za Pwani iandike barua sasa, ukuta haujaanza kushika maji, iombe kiti kwenye meza itakayoamua. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake makuu yako hapa Mombasa, na ina kituo cha ufugaji samaki Sagana. Waulizwe: je, tilapia wa Sabaki anaweza kuzalishwa kwa wingi wa kutosha kujaza Thwake? Akichelewa kukua miezi kadhaa kuliko wa Nile, hasara hiyo ni ya nani na italipwaje? Maana italazimu ilipwe. Hatuwezi kumwambia mvuvi wa Makueni apokee samaki mdogo ili sisi wa chini tubaki na mto wetu, kisha tusimpe kitu.

Na sijagusa udongo. Mvua za bara zikinyesha, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na matumbawe huteseka. Bwawa litauzuia udongo mwingi, na hilo wenye mahoteli watalifurahia. Lakini kamba wa ghuba ya Ungwana wanategemea rutuba inayoletwa na Sabaki na Tana. Hayo inshaallah nitayaandikia siku yake.

Kwa leo nina ombi dogo. Kama wewe msomaji ni mwanachama wa BMU ya Malindi au Mambrui, mkutano ujao afisa wa uvuvi akifika, msimamie umuulize: Thwake ikijaa, watatia samaki gani, na idhini ya NEMA iko wapi? Kisha niandikie alivyokujibu.