Bahari Ikifungwa, Tufungue Mfuko

Ndugu zangu wa Dabaso, Mida, Gede na Kirepwe,

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 watoto walikuwa nyumbani, na siku iliyotangulia Rais Ruto alikuwa ameahirisha kufunguliwa kwa shule. Majumbani siku ilikuwa kama siku zote: nazi inakunwa, kunde ziko jikoni, redio inajisemea peke yake. Walioiona tofauti ni mama karanga, wale wakaanga samaki, waliokaa na makarai matupu. Serikali ilikuwa imefunga bahari pwani nzima, hakuna kuvua wala kuogelea, kwa hofu ya kimbunga Hidaya. Siku hiyo hiyo Hidaya kikatua kisiwani Mafia, Tanzania, kilomita kama 500 kusini mwetu, nguvu zikiwa zimeshakipungukia.

Sisi kikatupita. Tangu hapo nausikia mzaha ule ule vibarazani na bandarini: "Walitutisha bure, tukalala njaa." Nusu ya mzaha huo ni upuuzi. Nusu ya pili ni kweli tupu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na upuuzi. Ni kweli vimbunga haviji ovyo huku kwetu. Mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo hadi ukawa kimbunga, na mpindo huo hufifia kadiri unavyoikaribia ikweta. Dabaso tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini yake. Lakini Unguja ilipigwa mwaka 1872, mikarafuu ikalala chini, na Lindi ikapigwa mwaka 1952. Na Mei ile ile ya 2024 haijaisha, kikaja kingine, Ialy, kikapita baharini na kuiletea pwani ya Kenya upepo mkali na mawimbi makubwa. Viwili mwezi mmoja, tena wakati ambao msimu wake huwa ukingoni! Mtabiri hajui ni paa la nani litakalong'oka. Anachojua ni kwamba upepo uko njiani, na ukigeuka njia, hakutudanganya.

Sasa ile kweli. Mvuvi asipotoka leo, leo hana unga. Tajiri wa mashua hamdai wala hampi, maana hapakuwa na mgao. Mama karanga asiponunua samaki asubuhi hana cha kukaanga jioni, na chama kinangoja mchango wake. Ndiyo maana wako wanaojipenyeza usiku na mtumbwi hata tangazo likiwa limetoka, kisha tunawaita wakaidi. Aliyetii tunamsifu, halafu tunamwacha na sifa zake na sufuria tupu.

Kwa hiyo naomba tuanzishe mfuko wa siku za bahari kufungwa. Kuchanga tunajua, matanga, harusi na karo hatufundishwi na mtu. Kila nyumba itoe shilingi 20 kwa wiki. Matajiri wa mashua watoe kidogo kwenye kila mgao mzuri, na wenye hoteli za Watamu, ambao wageni wao wanakula kaa na kamba wetu, nao wasikae pembeni. Mfuko usifunguliwe kwa lolote jingine ila onyo la Idara ya Hali ya Hewa na bahari kufungwa, na siku hiyo hiyo unga na mafuta yafike kwa nahodha, kwa baharia na kwa mama karanga.

Mtasema zitaliwa. Hofu hiyo si ya bure, tumeona mengi. Basi watia saini wawe watatu, wawili kati yao mama karanga (mimi mwanamume nasema hivi, na nina sababu zangu), na daftari lisomwe hadharani kila mwezi.

Onyo lenyewe lisibaki kwenye simu za wenye bando. Vipaza sauti vya msikiti na kanisa vilitangaze, na mwenye bodaboda mmoja alipeleke bandarini kabla mashua hazijatoka. Vijana, kabla ya mvua za mwaka tupige mweria, kazi ya pamoja, wa siku moja: tukaze makuti na mabati ya wazee wanaoishi peke yao, kwani nyumba ya udongo ikivuliwa paa usiku, asubuhi haina kuta. Na wale wanaokata mikandaa ya boriti kwenye hori ya Mida, mnajijua. Mikoko ile ndiyo inayovunja wimbi kabla halijafika kwenu.

Baraza lijalo la chifu nitalileta jambo hili mbele ya watu. Njooni na shilingi 20 za kwanza, na kila kijiji kije na jina la mtu kinayemwamini kushika daftari.