Mshirazi Asiyeijua Shiraz

Jamaa walioko Maskati na Dubai humwita Shirazi. Wazungu humwita Mwajemi. Ni yule paka mwenye manyoya marefu na shingo iliyovishwa kama ya bibi harusi, ambaye siku hizi hutamaniwa hata katika nyumba za visiwani. Na hapa visiwani, ambako neno Mshirazi limebeba ukoo, siasa na ugomvi usiokwisha, jina hilo pekee latosha kumfanya mtu atie mkono mfukoni kabla hajauliza lolote.

Yafaa aulize. Kwanza, hiyo nasaba. Ni kweli kwamba mnamo 1620 msafiri wa Kitaliano, Pietro della Valle, aliandika habari za paka wa Khorasan wenye manyoya kama hariri, akanuia kuwapeleka kwao. Walakini paka auzwaye leo kwa cheti alitengenezwa Uingereza na Marekani, baada ya onyesho la paka lililofanywa Crystal Palace, London, mwaka 1871. Wataalamu waliolinganisha vinasaba mwaka 2008 walimkuta yu karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wa Mashariki ya Kati. Kinyume chake, paka mwembamba wa vichochoro vya Lamu, pamoja na yule wa msitu wa Sokoke, vinasaba vyao vimewaweka katika kundi la paka wa Asia. Basi atafutaye paka ambaye yamkini wazee wake walivuka bahari kwa jahazi hana haja ya cheti. Yupo sokoni, amelala juu ya tenga la samaki.

Pili, pua. Paka wa zamani alikuwa na pua kama wenziwe. Waliomzalisha kwa ajili ya mashindano ndio walioifupisha, kizazi baada ya kizazi, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20, mpaka ikapanda ikakaa baina ya macho. Ni ustadi wa yule mtunzi asiyejali maana madhali vina vimelingana: ubeti hupigiwa makofi, lakini haupumui. Mianzi ya pua ni myembamba, paka hukoroma hata akiwa macho. Machozi hayapati njia ya kushukia puani, hutiririka usoni yakaacha michirizi ya kahawia na kuchubua ngozi, hivyo hapana budi kumfuta kila siku kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Halafu wageni humtazama wakasema uso wake una huzuni ya kupendeza.

Paka hatoki jasho ila nyayoni. Hujipoza kwa kujilamba, na mate yakikauka huondoka na joto. Hewa ya pwani haikaushi kitu upesi. Ajuaye ni kila aliyewahi kuanika nguo wakati wa masika. Kaskazi ikishika, kiumbe mwenye koti zito na pua iliyozibwa atategemea feni na kivuli, na umeme ukikatika ahemapo kinywa wazi asipigwe picha. Hiyo ni dalili ya hatari.

Kisha kuna kitana. Manyoya ya ndani ni laini kama pamba na hushikana kama pamba. Yataka kuchanwa kila siku, kwa kitana cha chuma cha meno mapana na baadaye cha meno ya karibu, hadi ngozini: kwapani, tumboni, nyuma ya masikio. Siku chache za uvivu huzaa mafundo yavutayo ngozi kila paka anapopiga hatua. Mkasi si dawa, kwani ngozi ya paka ni nyembamba, hukatika pamoja na fundo. Na yasiyochanwa humezwa, yakawa madonge tumboni. Nani atakayechana? Bwana aliyenunua? Aghalabu ni msichana wa kazi, ambaye hakuulizwa, na ambaye mshahara wake haukuongezwa.

Wapo wajiteteao kwa dini, wakimtaja sahaba aliyeitwa Abu Huraira kwa ajili ya kipaka chake. Ndivyo, lakini hakuna aliyesema kipaka yule alikuwa na cheti. Na mapokeo hayo hayo yana habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka.

Lililo zito kuliko yote halionekani dukani. Ukoo huu una maradhi ya figo ya kurithi: vifuko vya maji huota na kukua polepole, na figo huanza kushindwa paka akiwa mtu mzima, mara nyingi baada ya mwenyewe kumzoea kama mtoto. Mzazi mmoja mgonjwa hutosha. Kabla kipimo cha jeni hakijapatikana mwaka 2004, uchunguzi katika nchi kadhaa ulikuta ugonjwa huu kwa zaidi ya theluthi ya Waajemi waliopimwa. Kipimo sasa kipo, hivyo azalishaye bila kukitumia hana udhuru.

Kwa hiyo anayeshikilia kununua na amtake mwenye pua ya zamani, kwani wangalipo. Aombe karatasi za vipimo vya figo za baba na mama, si cheti cha nasaba pekee. Aombe pia kumwona mama mwenyewe akiwa amelala, asikilize anavyopumua. Muuzaji akisema mama hayupo, mgeni avae viatu vyake aende zake.